Jibu: Mentorship ni nini, na je, inalipiwa?

Mkuu, umeuliza kama mentorship ni sawa na mafunzo kazini, na kama ni sawa kumlipa huyo jamaa wa Moshi anayeahidi "mentorship ya wiki mbili" kwa wanaotaka kuongoza watalii.

Mafunzo yana mtaala, muda na mtihani. Ukimaliza, mmeagana. Mentor ni mtu aliyekutangulia kwenye kazi, anayekufahamu wewe binafsi, anayefuatilia maamuzi yako kwa muda mrefu na kukwambia ukweli hata usipoupenda.

Chukua mfano wa Kilimanjaro. Darasani utafundishwa dalili za ugonjwa wa mwinuko, ule unaowapata watu kwa sababu ya hewa nyepesi juu mlimani. Lakini kumtambua mgeni anayesema yuko fiti huku anayumba pale kambi ya Barafu, juu ya mita 4,600, halafu uthubutu kumwambia "tunashuka" wakati amelipa pesa nyingi afike kilele cha Uhuru, hilo utalipata kwa kutembea na mtu aliyewahi kufanya uamuzi huo. Na mkishuka, huyo mzoefu akuulize: kwa nini ulichelewa kusema? Maswali ya namna hiyo ndiyo mentorship yenyewe.

Kwa hiyo wiki mbili za kulipia ni kozi. Kama ni nzuri, lipa, ila ujue unanunua nini.

Kumpata mentor, usianze kwa kumwomba cheo hicho. Mfuate kiongozi mzoefu unayemheshimu, muulize jambo moja mahususi, lifanyie kazi, kisha rudi umweleze lilivyokwenda. Wazee wa kazi humpenda kijana anayerudi na majibu.