Trela yenye magurudumu: ni gari au ni nyumba?

SWALI: Nimeendesha trela kutoka Mombasa hadi Kigali miaka mingi, sasa nimestaafu. Tajiri wangu alinipa kiinua mgongo pesa kidogo pamoja na trela moja kuukuu ya boksi. Nimeitoboa madirisha, nikaweka kitanda na jiko, nikaiegesha kwenye ploti yangu ya futi 50 kwa 100 hapa Malaba, upande wa Uganda. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, anasema mradi ina magurudumu ni gari, haitaki kibali. Jirani anasema watu wa baraza la mji watakuja kuiondoa. Nani anasema kweli? Tena mwanangu aliye Kireka anataka niipeleke kwake Kampala, ikae kando ya barabara mbele ya geti lake. (Dereva mstaafu, Malaba)

JIBU: Mzee wangu, pole na barabara, na hongera kwa kufika salama. Jirani yako yuko karibu na ukweli kuliko mwenyekiti, ingawa anakutisha mapema mno.

Hoja ya magurudumu nimeisikia mara nyingi tangu nilipokuwa ofisa mipango miji kwenye baraza moja la mji, na sijaona ikimwokoa mtu. Sheria ya Mipango ya mwaka 2010 haiangalii magurudumu. Inaangalia ardhi inatumiwaje. Kujenga ni uendelezaji, na kubadilisha matumizi ya ardhi kwa kiasi kikubwa nako ni uendelezaji, na uendelezaji wowote unahitaji idhini ya kamati ya mipango kwanza. Ploti iliyokuwa tupu sasa ina mtu anayelala, anayepika na anayekwenda choo kila siku. Hayo ni makazi. Ungelala kwenye kebini siku tatu ukisubiri foleni ya forodha, hakuna ambaye angekuuliza. Lakini nyasi zikishaota kwenye tairi, hata askari mgeni ataelewa kwamba hilo gari haliendi popote.

Wengine hukimbilia kusema, "Basi nitaihamishia kijijini, huko hakuna mipango." Sheria hiyohiyo ilitangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, mji na kijiji pamoja. Tofauti ni ofisi utakayoingia.

Mwenyekiti wako usimdharau. Barua yake utaihitaji, maana yeye ndiye anayethibitisha kwamba unakaa hapo na kwamba ploti haina ugomvi. Ila LC1 haitoi idhini ya uendelezaji. Muhuri wake unakutambulisha tu, na watu wengi wamevunjiwa mabanda huku wakiupunga mkononi.

Sasa tuje kwenye jambo linaloamua kesi nyingi za namna hii: choo. Hujaandika hata neno moja kuhusu choo, na mimi nikitumwa kukukagua ningeanzia hapo. Ofisa wa afya anaweza kukuandikia notisi chini ya Sheria ya Afya ya Umma hata kama kamati ya mipango haijakukumbuka. Trela yako si karavani ya wazungu yenye tangi la maji taka ndani. Kwa hiyo chimba shimo la choo la kudumu, lenye sakafu inayosafishika, mlango na bomba la kutoa hewa, na kama kuna kisima jirani, acha angalau mita 30 kati yao. Maji ya kuoga na kuoshea vyombo yawe na shimo lake la mawe. Ukiyaacha yatiririke kwa jirani, umempa sababu ya kukushtaki, na huyo jirani ameshaanza kuhesabu makosa yako.

Baada ya choo, angalia mipaka. Barabara ya Malaba kwenda Tororo ni barabara kuu, na ina hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa kando, pande zote mbili ambayo si mali ya mwenye ploti hata kama amepanda mihogo humo. Mpimaji akuoneshe jiwe la mpaka kabla hujaweka kitu chochote cha kudumu. Na kama ploti imeshuka kuelekea mto, kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda ukingo: mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa mingine. Ziwa Viktoria ni mita 200. Hapo usitegemee huruma, kwa sababu kamati haina ruhusa ya kukugawia eneo hilo.

Kuhusu kibali cha ujenzi. Najua boksi la chuma linavyochoma saa nane mchana, na najua utakachofanya: utang'oa tairi, utalipandisha juu ya matofali, utalijengea paa la mabati na ngazi ya saruji. Ni wazo zuri kwa joto. Lakini siku hiyo unajenga, na Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya mwaka 2013 inataka kibali kabla ya kazi na hati ya kuhamia baada yake. Ushauri wangu ni uombe idhini ya mipango na kibali cha ujenzi kwa mchoro mmoja, ukionesha trela, paa, choo na umbali wa kila kimoja kutoka mpakani. Kamati inaweza kukubali kwa masharti, na mara nyingi sharti ni muda. Muda wenye maandishi ni bora kuliko kimya.

Umeme usiuvute kwa jirani. Nyumba yako yote ni chuma, waya mmoja ukichubuka ukuta mzima unakupiga. Tafuta fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme, na aanze na waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme uliovuja.

Logibuku je? Trela husajiliwa kwa namba yake, mbali na kichwa. Kama bado iko kwa jina la tajiri, ihamishe sasa angali hai na mnaelewana. Warithi wakija kuidai, kitanda chako hakitakuwa ushahidi.

Kodi ya majengo isikukoseshe usingizi: nyumba anayokaa mwenyewe imesamehewa. Ukiipangisha kwa madereva wenzako, mambo yanabadilika.

Mwambie mwanao hapana. Kwanza Kireka si Kampala. Iko Manispaa ya Kira, wilaya ya Wakiso, na ofisi zake ni nyingine kabisa. Pili, mbele ya geti ni barabara ya umma. Trela iliyosimama hapo ni kizuizi, na itavutwa kwa gharama yako hata kama uko ndani umelala. Akiwa na nafasi ndani ya uzio, sawa, lakini ombi la idhini litaanza upya huko Kira.

Jumatatu nenda baraza la mji na barua ya LC1, karatasi za ploti na mchoro, hata wa kalamu ya risasi. Mwombe ofisa mipango aje aone kabla hujaitwa. Mkaribishe chai humo humo ndani, aone kitanda kilivyotandikwa, lakini choo kiwe kimeshachimbwa.