Nilivyopunguza ekari moja ya mahindi nikapanda maharage na ulezi

Ndugu, umeuliza kama ni busara kwa mwenye ekari tatu za mahindi kutoa moja kwa ajili ya maharage na ulezi, ilhali mahindi ndiyo yanayojaza ghala. Mimi ninalima Mbozi, na uamuzi huo niliufanya misimu sita iliyopita.

Ukihesabu magunia peke yake, mahindi yatashinda daima. Hata hivyo, Iringa, ambao ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi, ulikutwa na udumavu (watoto kuwa wafupi kuliko umri wao) wa karibu asilimia 57 kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Sababu ni nyingi, lakini sahani ni mojawapo: protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, mojawapo ya viini vinavyounda protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na ndiyo maana kande za bibi zetu zilijenga mwili kuliko ugali wa sembe kwa mchicha.

Maharage hayakunisumbua. Huwa napanda mbegu ya maharage iitwayo Njano Uyole mwishoni mwa Februari ili yakomae mvua zikiwa zinakatika, maana ya Novemba huivia kwenye maji na kuozea ndani ya maganda.

Ulezi ndio ulionitia adabu. Mwaka wa kwanza nilimwaga mbegu kama alivyofanya marehemu baba, na baada ya wiki tatu sikuweza kutofautisha mche na gugu linalofanana nao. Tulipalilia tukiwa tumechuchumaa, mwishowe nusu ya shamba tukayaachia magugu. Siku hizi napanda kwa mistari, na kinachoota nje ya mstari kinang'olewa bila kuulizwa. Kosa la pili lilikuwa kupura juu ya ardhi tupu. Punje zake ni ndogo mno, mchanga hautoki wote kwa ungo, na kitinda mimba wangu aliukataa uji kwa sababu ulikuwa unakwaruza meno. Sasa tunapura juu ya turubai. Uji wenyewe unastahili taabu hiyo, kwani gramu 100 za ulezi zina zaidi ya miligramu 300 za kalisi, madini ya mifupa, na ghalani wadudu hawaushambulii kama wanavyoshambulia mahindi.

Kwa hiyo usianze na ekari nzima ya ulezi. Panda robo tu, na sehemu iliyobaki iwe maharage, kwa sababu palizi ya ulezi huangukia wiki zilezile ambazo mahindi yanadai mbolea ya kukuzia, na vibarua hawatoshi kote kuwili.