Wale ndege wekundu wa mpungani huenda wapi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Nalima mpunga bonde la Ruvu, huku Bagamoyo. Wakati wa masika shamba linajaa ndege wadogo wekundu wenye tumbo jeusi. Tukishavuna, baada ya muda siwaoni tena. Mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme mwezi wa tatu nao wanatoweka. Je, wanahama pamoja? Na hao wekundu ndio kwelea? Jirani yangu anataka tuchome majani ya kando ya mfereji wanamolala.
Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzuie kwanza jirani na kiberiti chake.

Hao wekundu hawajaenda popote, wamevua tu. Ni madume ya kweche, na vazi lile jekundu na jeusi ni la msimu wa kutaga, mvua zinapootesha majani marefu ya kufumia viota. Msimu ukipita, manyoya hayo hupukutika, yakaota ya kahawia yenye michirizi, na dume akafanana na jike. Wamo katika vile vikundi unavyovipita mwezi wa nane ukidhani ni shomoro! Hebu watazame vizuri mvua zinapokaribia kurudi: utamwona dume mwenye mabaka mekundu yaliyoanza kuota huku na huku. Mimi nampenda wakati huo kuliko akishakamilika.

Kwelea ni mwingine kabisa. Dume wake ana mdomo mwekundu, na huja kwa maelfu. Mmoja hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe. Hana kwao maalumu, anafuata mbegu za nyasi. Mvua zikianza, mbegu zinachipua na chakula chake kinakwisha, basi anaruka hadi kulikonyesha wiki kadhaa nyuma, ambako nyasi zimeshazaa upya. Ndiyo maana mwaka huu mnaamia hadi sauti zinakauka, mwaka mwingine hamumwoni hata mmoja.

Msafiri wa kweli hapo ni mbayuwayu. Huanza kuingia pwani mwezi wa tisa, na mwezi wa nne ukiisha wengi wameshaondoka. Kwetu hatagi, huzalia Ulaya na Asia. Hapa anakula wadudu na kubadilisha manyoya ya mabawa na mkia, kwa hiyo wale wa mwezi wa tatu wenye mikia mirefu walikuwa tayari kwa safari. Gramu 20 tu, mwanangu! Mmoja aliyevishwa pete mguuni Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912.

Yupo pia anayefanya yote mawili, kuvua na kusafiri: bobolinki wa mbuga za nyasi za Kanada na Marekani. Dume huzaa akiwa mweusi na mweupe, kisha anageuka rangi ya majani makavu na kuruka hadi Argentina.

Sasa huo moto. Mkichoma majani ya mfereji wakati wa masika, mtaunguza makinda ya kweche, na kwelea hawatapungua. Mkiona makundi makubwa yenye midomo myekundu, mwarifuni afisa kilimo mapema, kabla punje hazijaingia maziwa. Kwa kweche wachache, debe na kelele za watoto zinatosha.