Majeruhi wa ajali: damu kwanza, gari baadaye

Swali: Daktari, mimi ni mwendesha boda boda hapa Awasi. Ajali ikitokea, sisi wa steji ndio hufika wa kwanza. Majuzi tulimbeba majeruhi mshikaki, katikati ya dereva na mwenzake, mguu ukimwaga damu. Alifika hospitali ameshakata roho. Tulikosea wapi? Na wakitudai pesa mlangoni tufanyeje?

Jibu: Pole, ndugu yangu. Sikumpima marehemu, kwa hivyo siwezi kusema nyinyi ndio mliomuua. Ila mlikimbilia kumbeba kabla ya kuzuia damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, na kutoka Awasi hadi Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi pale Kisumu, dakika hizo hazitoshi hata barabara ikiwa tupu.

Mmoja apige 1199 ya Msalaba Mwekundu, mwingine ashike jeraha. Vaa glavu, zikikosekana, hata karatasi ya mkate. Kunja leso au fulana, ibandike jerahani na uikandamize kwa viganja viwili, uzito wako wote juu yake. Usifunue kuchungulia. Ikilowa, ongeza nyingine juu. Kama ni mkono au mguu na damu bado inaruka, funga kitambaa kipana kati ya jeraha na moyo, si kwenye goti wala kiwiko. Pitisha kijiti, zungusha mpaka damu ikome. Waya na kamba nyembamba hukata nyama, ziacheni. Atapiga kelele, pengine akutukane. Usilegeze. Andika saa uliyofunga, hata kwenye paji lake la uso.

Mshikaki komeni kabisa: aliyezimia shingo huanguka mbele, hewa ikaziba. Ambulensi ikichelewa, tafuteni pikapu, alazwe, kichwa na kiwiliwili vigeuzwe pamoja. Maji na soda msimpe, maana huenda akahitaji upasuaji.

Kuhusu pesa, Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inaweka faini ya hadi shilingi milioni 3 kwa hospitali yenye uwezo ikikataa. Bili itakuja, msidanganyike, lakini haiji kabla ya huduma. Msipoteze muda na askari wa geti: ulizieni mkuu wa zamu, mumtajie saa ya ajali na saa ya kufunga kitambaa. Fomu ya P3 ni ya polisi, itajazwa baadaye.