Pasentaili ya 12 sio 12 kati ya 100

Wiki hizi meseji nyingi zimekuja kuhusu vile vipimo vya watoto wadogo, mtu wa tiba kazi anakaa na mtoto mezani, kuna shanga, mkasi, penseli na vipande vya mbao, mwisho mnapewa ripoti yenye namba kibao na hakuna aliyewaambia zinasomwaje. (Na wale mnaoniuliza mtoto wa miaka mitatu tiba kazi ya nini wakati hana kazi: kazi ya mtoto ni kucheza, kuvaa, kula mwenyewe, kuchora. Ndo hizo.) Nimechukua maswali manne, la kwanza nimelijibu kwa urefu maana ndo linalowaliza watu.

SWALI: Shikamoo dada. Mwanangu ana miaka 4 na miezi 3, mwalimu wake alishauri apimwe kwa sababu kila wakati wa kuchora anakimbilia chooni. Wakampima na kipimo kinaitwa Peabody, sehemu ya misuli midogo. Ripoti imeandikwa 82, halafu pasentaili 12. Baba yake kuona 12 kasema mtoto kafeli, kapata 12 kwa 100. Sijalala. Nimekutumia picha ya ripoti. *Mama Mtoto Mmoja*

JIBU: Marahaba mdogo wangu, futa machozi kwanza. Pasentaili sio alama za mtihani. Chukua watoto 100 wa umri wake, wapange mstari kuanzia anayepata shida zaidi mpaka aliye hodari zaidi, mwanao kasimama kama wa 12 hivi kutoka upande wa shida. Basi. Haisemi alikosa vitu 88, anaweza kuwa kafanya vingi tu vizuri, ila wenzake wengi wa umri huo wamefanya vingi zaidi. Na ile 82 usiisome kama 82 ya shuleni useme ooh mbona nzuri, katikati yake ni 100 na kila hatua ni pointi 15, kwa hiyo kati ya 85 na 115 wamejaa karibu watoto 68 kwa kila 100. Wako yuko nje kidogo ya mlango huo. Kwa hiyo 82 na 12 ni kitu kilekile kimesemwa mara mbili, na baba yake kachagua ile inayotisha.

Sasa mi kilichonivutia kwenye ripoti yako sio hizo mbili, ni mistari miwili midogo iliyo juu yake ambayo naona hakuna aliyewaeleza. Kushika: 10. Macho na mkono kufanya kazi pamoja: 4. Hizi nazo zina kipimo chake, katikati ni 10, na kuanzia 8 mpaka 12 ndo wastani. Yaani kwenye kushika mtoto wako yuko katikati kabisa, hana neno, kwenye macho na mkono yuko chini sana, halafu zikajumlishwa, jumla ikageuzwa kwa jedwali la kipimo ikatoka 82 ambayo haimfanani upande wowote. Ni kama kuweka mguu mmoja kwenye maji ya moto na mwingine kwenye ya baridi halafu useme kwa wastani uko vuguvugu.

Kwa mtoto wa namna hii unaona hivi. Unampa vifungo, anafungua na kufunga, vidole vinacheza vizuri. Penseli kaishika safi. Unamwekea mchoro wa msalaba aige, anachora mstari wa kusimama, mzuri, halafu mkono unasimama. Anaangalia mchoro. Anaangalia karatasi yake. Mstari wa pili anauweka pembeni kabisa haukatizi wa kwanza, na yeye mwenyewe anaona sio, anasukuma karatasi anasema nataka kojoa. Huyo hakosi nguvu za vidole. Kwa hiyo ukirudi nyumbani ukaanza kumkamulisha sponji na kumfinyangisha unga asubuhi na jioni utakuwa unatibu kidole ambacho hakiumwi (hili jina la "misuli midogo" limetuponza sana, kila mtu anawaza misuli). Anachohitaji ni kuiga maumbo kidogo kidogo, kujenga kwa vibao kama ulivyojenga wewe, kukata kwa kufuata mstari mnene, kupitisha kamba kwenye matundu, na kabla ya yote hayo apimwe macho, maana kuna watoto tunawahangaisha miezi kumbe haoni vizuri.

Mwambie baba yake hii karatasi haina kupasi wala kufeli. Na hata hiyo namba inayumba, angepimwa siku nyingine amelala vizuri ingeweza kupanda au kushuka pointi kadhaa, ndo maana mpimaji makini hatoi hukumu kwa namba moja, anauliza na nyumbani na shuleni.

SWALI: Habari za kazi. Binti yangu alipimwa nikiwa ndani, nikakatazwa kumsaidia, hata kumwambia "jaribu tena" nikaambiwa hapana. Aliyempima alikuwa kama roboti, anasoma maneno kwenye kitabu, ana saa ya kuhesabu sekunde. Na kuna vitu nyumbani anafanya kabisa pale akakosa. Hii ni haki? *Baba Pacha*

JIBU: Kaka, pole, najua inauma kukaa umekunja mikono. Ila huo uroboti ndo kipimo chenyewe. Ile jedwali ya kulinganisha ilitengenezwa kwa kuwapima mamia ya watoto kwa maneno yaleyale, vifaa vilevile, idadi ileile ya kujaribu. Ukimsogezea binti yako kikopo karibu au ukamwambia "geuza, geuza", kafanyiwa kitu ambacho wale wengine hawakufanyiwa, na hapo kulinganisha kumekufa. Kutunga shanga ukiwa umeshikiwa uzi na kutunga bila kushikiwa ni kazi mbili tofauti.

Ila kwamba nyumbani anafanya ni taarifa ya maana, usikae nayo. Andika anafanya nini, wapi, kwa msaada gani, umpe mpimaji. Mi binafsi nikimaliza kipimo na namba zimeshaandikwa narudia kile alichokosa kwa kumsaidia makusudi, nione akishikwa kiwiko inakuwaje, akionyeshwa mara mbili inakuwaje. Hiyo haiingii kwenye alama, lakini ndo inayoniambia wiki ijayo tuanzie wapi. Na kama binti yako hajawahi kushika mkasi maishani, sema, maana kipimo hakijui kama hawezi au hajawahi kupewa. Vipimo vingi vinavyotumika jedwali zake zimetoka kwa watoto wa Marekani au Uingereza, kwa mtoto aliyekulia kwingine namba isomwe kwa tahadhari.

SWALI: Mwanangu alizaliwa wiki 32, saivi ana miezi 14 hajatembea, kapimwa kaambiwa yuko nyuma. Ni kweli? *Mama Njiti*

JIBU: Uliza swali moja tu: umri gani umetumika? Mimba inahesabiwa wiki 40, wako kaja wiki 8 kabla, kwa hiyo umri wake wa kulinganishia ni kama miezi 12 na sio 14. Kwa umri huo miezi miwili ni mlima, inaweza kumtoa "nyuma" ikamweka sawa na wenzake. Kwa kawaida tunarekebisha hivyo mpaka afike miaka miwili. Kama hawakurekebisha, waombe wafungue jedwali upya, vitu alivyofanya ni vilevile hamna haja ya kumpima tena. Na kama walirekebisha na bado yuko nyuma, usisubiri, anza mazoezi.

SWALI: Dada naomba kujua ni kitu gani kinapimwa kwenye Movement ABC ili nimfundishe mwanangu wa miaka 5 kabla ya tarehe, nisiaibike. *Anonimasi*

JIBU: Ntakuambia kwa juu juu: mikono, kurusha na kudaka, na kusimama bila kuyumba, kazi nane jumla, halafu matokeo yanawekwa kama taa za barabarani, pasentaili 5 kushuka nyekundu, juu ya hapo mpaka 15 njano, zaidi ya 15 kijani. Kazi zenyewe sikutajii, na usimfundishe.

Niliwahi kuletewa kijana wa miaka 5 alikaa tu akaniambia "leo sarafu ntamaliza haraka". Sijamwonyesha sarafu bado. Kumbe alishapimwa sehemu nyingine, mama yake akakariri, wakafanya mazoezi ya kutumbukiza sarafu kwenye kopo mwezi mzima. Na kweli, zile sarafu zilikuwa zinaingia kama mashine, mkono mmoja unashikilia kopo mwingine unatupia, nikaandika sekunde zake, taa ya kijani upande huo. Tulipomaliza akavaa viatu, akakaa pale sakafuni na mikanda ya viatu mkononi, akamnyooshea mama yake mguu.