Tambi za usiku kwa jiko moja: maji yake usiyamwage

Mdogo wangu uliyehamia Kigoma, nimesoma ulivyoeleza. Umepanga chumba Mwanga, unatoka kazini saa mbili usiku, una mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, sufuria mbili, na kwenye kabati kuna pakiti ya tambi, nyanya ya kopo, vitunguu na mafuta. Chipsi mayai zimekukinai. Kila ukipika hizo tambi, ama zinakuwa uji, ama zinakauka na kushikana huku nyanya imekaa juu kama mgeni. Umeuliza kama kuna namna ya kuzipika zikaliwa kwa raha bila kutoka tena usiku kwenda kununua kitu.

Namna ipo. Mimi ni muuguzi, kazi yangu ni ya zamu, na chakula hiki nimekipika kwa zaidi ya miaka kumi nikirudi nimechoka kiasi kwamba hata kumenya viazi naona mzigo. Nakuandikia kwa urefu kwa sababu tatizo lako nalijua: nililifanya mimi mwenyewe mwaka mzima kabla ya kuonyeshwa.

Mimi ni mzaliwa wa Tabora, Ng'ambo. Kwetu tambi zilikuwa za Ramadhani, zile nyembamba zinazokaangwa kwenye mafuta mpaka ziwe na rangi ya kahawia, zikatiwa tui, sukari na iliki. Tambi za chumvi nilianza kuzipika nilipokuja kufanya kazi Kigoma, nikafuata maandishi ya kwenye pakiti: chemsha maji mengi, tia tambi, chuja. Na kwa kuwa nilisikia watu wakisema zikisuuzwa kwa maji baridi hazishikani, nikawa nazisuuza pia. Halafu nazimwagia nyanya juu. Nilikuwa nakula kwa sababu ya njaa tu.

Siku moja mama mwenye nyumba, mtu wa Ujiji, alinikuta uani namwaga yale maji yenye ukungu mweupe. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona unamwaga mchuzi?" Nikamwambia ni maji ya kuchemshia tu. Akasema, "Nyie Tabora tambi za sukari mnazichuja?" Nikasema hapana. "Basi na hizi za chumvi zina kosa gani?" Akaingia jikoni kwangu, akachukua nusu ya pakiti iliyobaki, akanipikia. Sijachuja tambi tangu siku ile.

Sababu ni hii. Tambi zikichemka hutoa wanga, na wanga huo ndio ule weupe unaouona kwenye maji. Ukiwa ndani ya sufuria unashikamanisha mafuta, nyanya na maji vikawa mchuzi mmoja mzito unaoganda kwenye kila uzi wa tambi. Ukiumwaga, mafuta yanakaa peke yake, nyanya inakaa peke yake, na tambi zinabaki uchi. Waitaliano wenyewe, ambao hizi spageti ni chakula chao, huchuja, lakini kabla ya kuchuja huteka kikombe kimoja cha maji hayo wakayatia kwenye mchuzi. Kusuuza kwa maji baridi ndiko kunakoharibu kabisa, kwa sababu hata ule wanga uliobaki juu ya tambi unaondoka. Kwa mtu mwenye jiko moja, njia ya mama wa Ujiji ni bora zaidi: kila kitu kinapikwa kwenye sufuria moja, gesi inatumika kidogo, chombo cha kuosha kimoja.

Tambi zenyewe: nunua zilizoandikwa kwamba zimetokana na ngano ya durum, ile ngano ngumu. Za unga wa ngano wa kawaida hulegea haraka na kugeuka gundi, na kwa mapishi haya ambayo maji hayamwagwi utaona tofauti mara moja. Ukizishika dukani, za durum zina rangi ya njano kama kaharabu na ukivunja moja inatoa mlio. Zile nyeupe zinazovunjika kimyakimya waachie wengine.

Kabla ya tambi, dagaa. Hukuwataja, na mtu anayeishi Kigoma bila kopo la dagaa wakavu kabatini anajinyima bure. Hawa ndio watakaokupa ladha ambayo nyanya ya kopo peke yake haiwezi kukupa. Siku ya mapumziko shuka Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, asubuhi, usisubiri mchana. Chagua dagaa wanaong'aa kama fedha, wadogo, wasiokatika katika. Chukua wachache kwenye kiganja, wafikiche kidogo, halafu watoe uangalie kiganja chako. Kikibaki na chembechembe za mchanga, hao walianikwa chini. Waulizie waliokauka juu ya vichanja; bei inapanda kidogo lakini utashukuru meno yako. Wanuse pia. Dagaa mzuri ananukia ziwa na jua. Akinukia mafuta ya zamani, yale yanayokwaruza koo, mwache.

Nyumbani, kwa watu wawili au kwa mtu mmoja mwenye njaa ya zamu ya usiku, chota konzi moja. Watie kwenye bakuli, wamwagie maji ya moto, waache dakika mbili au tatu. Kisha watoe kwa mkono ukiwainua kutoka juu. Usimimine bakuli lote kwenye chujio, kwa sababu mchanga umetulia chini na ukimimina unawarudishia. Rudia kwa maji safi mpaka chini ya bakuli kuwe safi ukipitisha kidole. Wakamue kwa nguvu. Wenye maji hawakaangiki, wanaruka na mafuta tu.

Sasa jiko. Kwanza chemsha maji lita moja, uyaweke kwenye chupa ya chai yakae moto. Hiyo ndiyo siri ya kupika kwa jiko moja: maji ya moto yawe tayari kabla hujaanza kukaanga.

Tia mafuta vijiko vitatu vya chakula kwenye sufuria pana, yakipata moto tia dagaa. Wakaange ukigeuza kwa mwiko mpaka wawe na rangi ya dhahabu na usikie wanagongana kama makaratasi makavu. Toa nusu yao, uwaweke pembeni kwenye kisahani. Nusu ibaki kwenye mafuta. Hao waliobaki watayeyukayeyuka kwenye mchuzi na kuupa uzito, na wale wa kwenye kisahani utawanyunyiza juu mwishoni wakiwa bado wanakatika mdomoni. Nilikuja kujua baadaye kwamba kusini mwa Italia nao wana visamaki vyao vidogo vya chumvi wanavyoviyeyusha kwenye mafuta pamoja na kitunguu saumu kabla ya kutia tambi. Kwa hiyo dagaa na spageti si mchanganyiko wa shida, ni mapishi yanayoheshimika hata huko zilikotoka.

Punguza moto. Tia kitunguu maji kimoja kilichokatwa vipande vyembamba, kikilainika tia punje nne za kitunguu saumu. Zikate, usizitwange, maana zilizotwangwa huungua kabla hujageuka na zikiungua zinatia uchungu sufuria nzima. Pilipili kichaa moja kama unapenda. Halafu nyanya ya kopo vijiko viwili, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Ikaange kwenye yale mafuta dakika mbili au tatu, ukiikwangua chini ya sufuria, mpaka ule wekundu mkali ugeuke kuwa kama tofali na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Nyanya ya kopo ambayo haikukaangwa ina ukali wa bati ambao hata sukari haiuondoi.

Chukua nusu ya pakiti ya gramu 500, zivunje katikati, tia zikiwa kavu moja kwa moja kwenye ule mchuzi, zigeuze dakika moja zipate mafuta kila upande. Hapo ndipo tambi za Ramadhani zinapokutana na tambi za chumvi, ni hatua ileile ya kukaanga kwanza. Mimina maji ya moto robo tatu ya yale ya kwenye chupa. Tia chumvi nusu kijiko cha chai tu. Kwa wanaochuja, chumvi nyingi inaondoka na maji. Huku haiendi popote, maji yanapungua na chumvi inabaki yote. Utaongeza mwishoni kama haijatosha.

Moto wa wastani, sufuria wazi, na usiondoke. Geuza kila baada ya dakika moja, hasa mwanzoni zinapolainika, maana hapo ndipo zinaposhikana. Maji yakipungua kabla hazijaiva, ongeza kidogo kidogo kutoka kwenye chupa.

Kuhusu muda, usiifuate pakiti kama sheria. Dakika zilizoandikwa zinahesabu maji yanayochemka kwenye nyuzi 100, kama yanavyochemka pwani. Sisi hapa, pamoja na kuwa ziwani, tuko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi kama 97. Kwetu Tabora, ambako ni mita 1,200 hivi, ni karibu nyuzi 96. Kwa hiyo pakiti ikisema dakika kumi, wewe tegemea kumi na mbili au zaidi. Nilikuwa nadhani natapeliwa dukani kwa kuuziwa tambi ngumu, kumbe ni mwinuko. Kata uzi mmoja kwa meno utazame katikati: ukiona kidoti cheupe, bado. Kikibaki kidogo sana kama ncha ya sindano, zima moto, funika dakika mbili, zitajimalizia zenyewe kwa joto lile.

Zikiwa tayari, mchuzi uwe bado unateleza, usikauke kabisa, maana tambi zinaendelea kunywa hata ukishapakua. Kamulia nusu ndimu, nyunyiza wale dagaa wa kwenye kisahani, kula zikiwa moto. Kuanzia kuwasha jiko mpaka kupakua ni kama nusu saa.

Ukishaizoea, jaribu na mawese badala ya mafuta ya alizeti. Hiki ndicho chakula ninachokipika nikiwa na siku mbaya kazini. Tumia vijiko viwili tu, kwa moto mdogo. Yaache yapate moto mpaka ile harufu nzito ya ubichi itulie, lakini yasitoe moshi. Ukiona wekundu unapauka, umeyaunguza na ladha yake imekwenda. Yakiwa sawasawa, tambi zinatoka na rangi ya machungwa kama jua linapozama upande wa Kongo, na utamu fulani wa mbali unaokaa nyuma ya ulimi. Kwa mawese, nyanya punguza iwe kijiko kimoja, vinginevyo vinapigana.

Kama dagaa hawakupandi kabisa, nitakupa ya nyumbani kwetu Tabora. Kaanga karanga, zitwange zibaki chengachenga, tia chumvi na pilipili ya unga. Pika tambi kwa njia ileile bila dagaa, kisha mwagia karanga hizo juu, nyingi. Mama yangu akinitumia mzigo kwa treni hakosi kuweka mfuko wa karanga, na nusu yake huishia kwenye tambi. Zingine nyingi nimejaribu, mayai, maharage ya jana, mgebuka (samaki wa ziwa letu) wa kukausha aliyechambuliwa mifupa. Zote zinakubali. Soseji sikushauri, zinatawala sufuria yote.

Jambo la mwisho ni akiba ya dagaa. Kununua konzi mojamoja kila wiki kutakutesa, kwa sababu upatikanaji unakwenda na mwezi. Wavuvi wanawavuta kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishatawala taa hazina kazi, mitumbwi inakaa na bei inapanda. Na mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wapate kuzaliana, sisi tuliokuwa na makopo yaliyojaa tulikula dagaa mpaka Julai, na jirani walikuwa wanabisha hodi kuomba konzi. Nunua wakati wa giza, wengi, uwaanike tena siku nzima hata kama wanaonekana wakavu, wapoe kabisa ndipo uwatie kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Ukiwafunga wakiwa na joto la jua, mvuke unabaki ndani na wanaota ukungu. Kila wiki mbili fungua, shika mmoja umvunje. Akikatika kwa mlio, funga. Akipinda bila kukatika, warudishe wote juani.