Haonekani Ibadani, Imani Anayo

Maskini wakipungua ibadani, viongozi wengi huona imani yao imepoa. Mahudhurio hayapimi imani. Mtu anaweza kusali nyumbani kila alfajiri na asionekane miezi mitatu, kwa kuwa analipwa kwa siku na zamu yake huangukia saa ya ibada.

Ripoti ya hesabu ya waliohudhuria ibada Uingereza na Wales tarehe 30 Machi 1851 ilisema kuwa vibarua wengi wa miji mikubwa walikuwa hawaendi kanisani. Lawama mojawapo iliangukia viti vya kukodi: mwenye uwezo alilipia benchi lake, asiye nacho akakaa kwenye viti vya bure. Nani atapenda umaskini wake uonekane na wote kila Jumapili?

Siku hizi kazi ya mabenchi yale hufanywa na matangazo ya michango. Jina la mtoaji linasomwa pamoja na kiasi, kuanzia kikubwa. Wa kidogo anatajwa mwisho, asiyetoa hatajwi kabisa, na wiki inayofuata haji. Wekeni sanduku lenye kufuli karibu na mlango, au bahasha zisizo na jina. Watu wawili wasio wa nyumba moja wahesabu fedha, wote watie saini, kisha itangazwe jumla tu. Anayehitaji risiti apewe faraghani. Na achaneni na kima sawa kwa kila nyumba. Kiasi hichohicho mmoja hakimgusi, mwingine ni chakula cha wiki nzima.

Kamati nazo zina shida yake. Huchaguliwa "wanaojiweza", vikao vinapangwa saa za kazi, nauli kila mtu na mfuko wake. Hapo msishangae maskini wakibaki kufagia na kupanga viti. Kaeni jioni, rudisheni nauli siku ileile, na zamu za kusoma maandiko zipangwe bila kuangalia nani ana nini. Maandiko yenyewe hayajanyamaza: Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unakemea kumtengea kiti kizuri mwenye pete ya dhahabu, na Sura ya 80 ya Kurani, Abasa, inamtetea kipofu aliyekuja kutaka mafunzo wakati Mtume Muhammad akizungumza na wakubwa wa kabila la Kuraishi.

Mkimtembelea aliyepotea, daftari la michango libaki ofisini. Msianze na "mbona huji?" Muulizeni siku yake ya mapumziko ni ipi, halafu mtazame kama kuna ibada siku hiyo.